Farm Bill ya Marekani ikikwama, vyuo vya kilimo vinaumia wapi hasa? Wenye uelewa njooni

#1 Msakila_Jr
Habari wakuu. Naomba kueleweshwa, hasa na mlioko Marekani. Mdogo wangu kamaliza masta ya uzalishaji wa mbegu pale SUA, kaomba PhD chuo kimoja cha jimbo huko Midwest, kakubaliwa, barua anayo mkononi. Sasa profesa wake kamwandikia kwamba ile nafasi ya msaidizi wa utafiti, ambayo ndiyo ingelipa ada na posho, haina uhakika mpaka hali ya fedha za serikali kuu ieleweke, na humo kataja Farm Bill. Nimesoma soma nikaambulia kwamba hiyo sheria hutungwa kila baada ya miaka 5 hivi, ya mwisho ni ya 2018, ilikwisha muda 2023 na tangu hapo inaongezewa muda tu. Swali: sheria ya ruzuku za wakulima wa mahindi na soya inamhusu nini mwanafunzi wa PhD? Asubiri au aangalie kwingine?

#2 Kibogoji
Aangalie kwingine. Kuna Wageningen kule Uholanzi, kuna China. Umri hausubiri Wamarekani wamalize ugomvi wao.

#3 Mwana_Ugani
Hongera kwa dogo. Mkuu, Farm Bill si ruzuku peke yake. Ile ya 2018 ina sura 12, na sura ya 7 yote ni utafiti, ugani na elimu. Vyuo vya kilimo vya kule vilianza na Sheria ya Morrill ya 1862, Lincoln akiwa rais, kila jimbo likapewa ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mbunge liliyenaye huko Washington, waziuze na hela iendeshe chuo, ndiyo maana mpaka leo vinaitwa vyuo vya ardhi. Ikaja Hatch 1887 ikaleta vituo vya utafiti ndani ya vyuo, ikaja Smith-Lever 1914 ikaleta ugani. Sheria hizo zina majina yake lakini marekebisho yake siku hizi mengi yanapitia Farm Bill. Kwa hiyo Farm Bill ikikwama na fedha za utafiti zimekwama, ndicho anachoogopa profesa.

#4 Kalamu_Nyekundu
#3 historia umeiweka vizuri ila hitimisho silo. Hatch na Smith-Lever hazifi Farm Bill ikifa, ni sheria za kudumu. Na hata programu zile zenye ukomo, Farm Bill inatoa ruhusa tu ya kutumia kiasi fulani, hela yenyewe inaidhinishwa kila mwaka na kamati za bajeti za Bunge. Ni kama kadi ya mchango wa harusi, umeandika laki tano, siku ya siku umetoa elfu hamsini na hakuna wa kukushtaki. Mfano AFRI, huo ndio mfuko mkubwa wa kushindania maandiko ya utafiti wa kilimo. Farm Bill ya 2008 iliuruhusu mpaka dola milioni 700 kwa mwaka, haujawahi kupata hiyo, mwaka wa fedha 2023 ulipewa milioni 455. Na hapo Farm Bill ilikuwa hai kabisa!

Tena bajeti ya kilimo ya mwaka wa fedha 2026 ilishapita, 12 Novemba 2025, siku ile serikali yao ilipofunguliwa baada ya kufungwa siku 43. Kwenye muswada huohuo Farm Bill ikaongezewa muda mpaka 30 Septemba 2026. Profesa atafute sababu nyingine.

#5 Njoro_Kwetu
Sasa wadau. Niko Kenya, nilisomea agronomia. Huyu #4 anaongea ni kama karani wa bunge hehe. Lakini swali, kama hela haitoki kwa Farm Bill mbona vyuo vinapeleka watu kila siku Washington kuomba ipitishwe? Hawawezi kuwa wajinga wote.

#6 Kalamu_Nyekundu
Kwa sababu kuna fungu dogo ndani yake ambalo ni la lazima, halipiti kwa watu wa bajeti, sheria ikipita hela inatoka moja kwa moja. Utafiti wa mboga na matunda, mafunzo kwa wakulima wanaoanza, utafiti wa kilimo hai, na ile taasisi ya kufadhili utafiti wa chakula na kilimo, FFAR, iliyoanzishwa na Farm Bill ya 2014 kwa dola milioni 200, ambazo kila dola lazima itafutiwe mwenzake nje ya serikali kuu. Hayo ndiyo wanayopigania. Lakini ukilinganisha na sheria nzima ni punje, utafiti haufiki hata asilimia 1. Msaada wa chakula, SNAP, unakula kama robo tatu na zaidi.

#7 Bibi_Tembele
Hapo kwenye SNAP ndipo mimi nilipoumia, na sioni mtu amegusa. Wengi mnadhani stempu za chakula ni habari za maskini na supamaketi, hazihusu vyuo. Kulikuwa na kitu kinaitwa SNAP-Ed, elimu ya lishe kwa wanaopata msaada huo, na majimbo mengi yaliikabidhi kwa ugani wa vyuo vya ardhi. Mwaka wa fedha 2025 ilikuwa dola milioni 536 nchi nzima. Ile sheria kubwa ya kodi na matumizi iliyosainiwa 4 Julai 2025 ikaifuta, ikaisha 30 Septemba. Haikuwa Farm Bill hata kidogo, lakini ilibeba vitu vya Farm Bill ndani yake.

Nilikuwa mwelimishaji lishe kwenye ugani wa chuo kimoja cha jimbo. Nilifundisha kwenye maktaba na kumbi za makanisa, kina mama wengi Wakongomani na Warundi, Kiswahili mwanzo mwisho. Meza ya kukunja, jiko la umeme la plagi, sufuria moja. Maharage makavu nimeyaloweka usiku, karoti za kopo unazisuuza kwenye chujio mara mbili chumvi itoke, halafu unawasomesha kibandiko cha kopo, sodiamu iko mstari gani, sukari iko mstari gani, maana huku vyote vimefungwa na hakuna wa kumuuliza. Kina mama walikuwa wanarudi wiki inayofuata na makopo yao wenyewe kuyasoma mbele ya darasa. Julai tukaambiwa mradi umefutwa, Septemba tukarudisha funguo. Timu yetu yote. Kwa hiyo msituambie vyuo havijaguswa.

#8 Mwana_Ugani
Pole sana dada #7. Na hii inaunga mkono hoja yangu #3, sheria ndiyo inayoamua.

#9 Kalamu_Nyekundu
Pole dada. Ila #8 usijichomekee, hiyo ni sheria tofauti na haina uhusiano na Farm Bill kuchelewa. Sheria hiyohiyo ya Julai ILIONGEZA hela ya utafiti, ule mfuko wa mboga na matunda umepanda mpaka dola milioni 175 kwa mwaka, na majengo ya utafiti yamewekewa milioni 125 kwa mwaka. Mkono mmoja umefuta ugani wa lishe, mwingine umejaza maabara.

#10 Msakila_Jr
Nawafuatilia kwa makini, asanteni. Dogo yeye ni mtama na mahindi, si mboga. Kwa hiyo hiyo nyongeza haimgusi?

#11 Kalamu_Nyekundu
Haimgusi.

#12 Mzee_wa_Mazimbu
Vijana, mmesema mtama mkanikumbusha. Muulize mdogo wako huyo profesa miradi yake ilikuwa inalipwa na nani. Utafiti wa mtama kwenye vyuo vingi vya kule, hasa unaohusisha Afrika, ulibebwa na USAID, shirika lao la misaada, kupitia zile maabara za Feed the Future, yaani miradi ya utafiti wa kilimo iliyowekwa vyuoni, si wizara yao ya kilimo. Mwanzoni mwa 2025 USAID ikavunjwa na maabara hizo zikakatwa karibu zote. Ile ya soya pale Illinois ilitangaza kufunga Aprili 2025. Mimi ni mnufaika wa mfumo ule. SUA tulikuwa na mradi wa USAID ulioitwa iAGRI, Ohio State ndio viongozi, na Tuskegee walikuwemo. Watu walipelekwa kusoma kozi huko na kurudi kufanya utafiti mashambani hapa kwetu, leo wako TARI, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, na wengine ni walimu wa hapohapo chuoni. Hakuna hata senti ya Farm Bill mle. Mkimfundisha kijana kusubiri Farm Bill wakati kilichokatika ni USAID mtampotezea muda.

#13 Kibogoji
Shikamoo mzee. Umepiga mulemule.

#14 Lengalenga_DSM
Niko Des Moines. Hapa Warundi na Wakongo wanalima vipande vya bustani, lengalenga, biringanya za Kiafrika, pilipili. Programu zinazofundisha wakulima wanaoanza kama hawa, nyingi zinategemea lile fungu la lazima alilotaja #6. Na ofisi ya ugani ya kaunti ni ya maana kuliko mnavyodhani. Jirani yangu Mrundi mboga zilikuwa zinatoka njano kila mwaka, akaambiwa apime udongo. Unachota sehemu kadhaa za kipande, kina cha inchi 6, unachanganya kwenye ndoo ya plastiki, si ya bati maana zinki inaharibu vipimo, unajaza kimfuko, fomu unaandika unataka kulima nini. Majibu yakaja udongo una asidi nyingi, weka chokaa kiasi hiki. Mwaka uliofuata mboga zimekaa rangi yake mpaka anagawa majirani. Afisa wa kaunti analipwa na mifuko mitatu, serikali kuu, jimbo na kaunti, ndiyo maana mmoja akiyumba huoni mara moja, unakuja kuona afisa amestaafu na hawajaweka mwingine.

#15 Nzega_Original
Huku kwetu 2022 maafisa ugani walipewa pikipiki, kwetu yupo na pikipiki yupo nayo ila hicho kipimo cha udongo ni mpaka uwe na bahati. Nilikuwa najiuliza, kwa nini serikali isiipe SUA ardhi kama Lincoln alivyofanya, ekari elfu kadhaa, wakodishe wajiendeshe wasisubiri hazina?

#16 Fikra_Huru
#15 kabla hujaiga uliza ardhi ile ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya Wahindi Wekundu. Waandishi wa High Country News walifuatilia hati kwa hati 2020 wakapata karibu ekari milioni 10.7 kutoka makabila karibu 250. Cornell waliopewa mgao wa New York walishikilia misitu ya misonobari Wisconsin mpaka bei ikapanda ndipo wakauza. Wenye ardhi yao vyuo vyao vya makabila viliingizwa kwenye mfumo mwaka 1994, miaka 132 baadaye. Sisi tunajua maana ya kuhamishwa kupisha mradi, tusiisifu ardhi ya bure bila kumtaja aliyeondolewa.

#17 Nzega_Original
Sijasifu kuhamisha mtu mkuu, SUA wana eneo kubwa tayari Morogoro na Mazimbu. Nasema litumike.

#18 Dogo_Chalinze
Kwani kuna chuo gani maarufu ambacho ni cha ardhi? Nataja Harvard nakosea?

#19 Fikra_Huru
Harvard hapana. MIT ndiyo.

#20 Dogo_Chalinze
MIT chuo cha kilimo?? Mkuu leo umekula maharage mabichi.

#21 Fikra_Huru
Massachusetts waligawa mgao wao, sehemu kwa MIT kwa ajili ya ufundi na sehemu kwa chuo cha kilimo Amherst. Sheria ya 1862 ilisema kilimo NA ufundi. Kasome halafu urudi utoe maharage.

#22 Mama_Nashville
Jamani mnazungumza vyuo vya ardhi kana kwamba ni kundi moja. Kuna vya 1862 na kuna vya 1890. Mwaka 1890 majimbo yaliyokataza weusi kusoma na weupe yaliambiwa ama mfungue milango ama muwe na chuo kingine cha weusi, yakachagua la pili. Vyuo hivyo leo ni 19, Tuskegee, Tennessee State, North Carolina A&T, Alcorn, Florida A&M na wenzake. Ardhi hawakupata. Hela ya kudumu ya utafiti waliipata kwenye Farm Bill ya 1977 kupitia kifungu cha Evans-Allen, miaka 90 baada ya wenzao kupata Hatch!

Kingine, kwa kila dola ya serikali kuu jimbo linatakiwa kuweka dola yake. Kwa vyuo vya 1862 majimbo yanaweka, hata zaidi. Kwa vya 1890 sheria inaruhusu waziri kusamehe mpaka nusu, na majimbo yameutumia huo msamaha mwaka baada ya mwaka. Septemba 2023 mawaziri wa elimu na kilimo waliwaandikia magavana 16 kwamba vyuo hivi vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miaka 30, hapa kwetu Tennessee State peke yake ni kama bilioni 2.1. Majimbo mawili tu yalionekana kutenda haki, Delaware na Ohio. Nina binti yangu anasoma kwenye mfumo huu. Hili linaniuma na nitalisema kila uzi.

#23 Kalamu_Nyekundu
Mama takwimu ni sahihi ila zile bilioni 12 si za dola kwa dola peke yake. Walipiga hesabu ya bajeti yote ya jimbo kwa kila mwanafunzi, 1987 mpaka 2020, wakalinganisha na chuo cha 1862. Deni la mchango wa kilimo ni sehemu tu.

#24 Mama_Nashville
Mwanangu iwe bajeti yote iwe sehemu, paa linalovuja bwenini ni lilelile. Hata hivyo hapa ndipo Farm Bill inapogusa kweli. Ya 2018 iliweka dola milioni 40 za lazima za ufadhili wa wanafunzi wa vyuo vya 1890. Fungu hilo ni yatima, yaani muda wa sheria ukiisha nalo halina pa kuendelea kuchota. Walipoongeza muda Desemba 2024 mayatima waliachwa nje. Wakaja kuwekewa milioni 60 kwenye hiyo sheria ya Julai 2025. Niambie sasa mtoto aliyeanza mwaka wa kwanza katikati hapo alipangaje maisha yake?

#25 Njoro_Kwetu
Si hio ndio Trump alisimamisha Februari 2025 halafu ikarudishwa?

#26 Mama_Nashville
Hiyo ni nyingine baba, ile ya 1890 National Scholars ya wizara ya kilimo, ipo tangu 1992, inalipa masomo na kazi wizarani juu yake. Ilisimamishwa Februari kweli na ikarudi ndani ya siku chache. Majina yanafanana, mifuko tofauti.

#27 Njoro_Kwetu
Asante mama. Hii ya #22 ndio sababu kubwa kwangu basi, majimbo. Na itakuwa mbaya zaidi, maana hio sheria ya Julai inasukumia majimbo gharama za SNAP. Uendeshaji jimbo lilikuwa linalipa nusu, kutoka mwaka wa fedha 2027 litalipa asilimia 75, na 2028 majimbo mengi yaanze kuchangia hata chakula chenyewe. Gavana akikosa pesa atakata wapi kwanza? Chuo kikuu. Kwa hivyo hata chuo cha 1862 chenye nguvu kitapata shida.

#28 Mwana_Ugani
Mnasahau na watu. 2019 NIFA, ile taasisi inayogawa hizi fedha ambayo Farm Bill ya 2008 iliiunda, ilihamishwa kutoka Washington kwenda Kansas City, wafanyakazi wengi sana wakakataa kuhama wakaacha kazi. Uzoefu uliondoka nao. Ruhusa ipo, bajeti ipo, ila anayesoma andiko lako na kusaini malipo hayupo.

#29 Mzee_wa_Mazimbu
Hilo lilikuwa 2019 kijana, wameshaajiri wengine.

#30 Mwana_Ugani
Mzee ukiajiri mtu mpya kwenye kazi ya mtu wa miaka 25 haimaanishi umeziba pengo.

#31 Fikra_Huru
Mimi nadhani mnakimbizana na matukio ya mwaka huu wakati ugonjwa ni wa zamani. Fedha za umma za utafiti wa kilimo Marekani zilifika kilele 2002 zikaanza kushuka, kufikia 2019 zilikuwa zimepungua kama theluthi moja ukiondoa mfumuko wa bei. Farm Bill zimepita 2002, 2008, 2014, 2018, zote na sherehe, ya 2014 Obama aliisainia Michigan State penyewe. Hazikuzuia kushuka. Wenye mbegu na madawa wanafadhili utafiti wanaoutaka wao, mtama wa mkulima wa Dodoma haumo kwenye hesabu zao.

#32 Kalamu_Nyekundu
Nakubali mteremko. Ila ulianza hata kabla hawajazoea kuchelewesha Farm Bill, kwa hiyo bado si Farm Bill.

#33 Bibi_Tembele
#32 kaka yangu, wewe kila kitu si Farm Bill. Sheria ikikaa miaka mingi bila kutungwa upya maana yake hakuna anayekaa chini kuuliza ugani unahitaji nini leo, wanaongeza muda wa mambo ya 2018 tu. Kukaa bila kuulizwa nako ni hasara, hata kama haionekani kwenye jedwali la bajeti.

#34 Kalamu_Nyekundu
Hilo nakupa dada.

#35 Kibogoji
Siku ya kihistoria, Kalamu kakubali kitu. Modi bandika uzi.

#36 Msakila_Jr
Wakuu nimerudi. Dogo kamuuliza profesa kama mzee #12 alivyoshauri. Jibu: mradi wa mtama wa Afrika ulikuwa USAID, umekufa. Ameandika andiko jipya AFRI, anasubiri. Kuna hela kidogo ya Hatch lakini mkuu wa idara kaiweka kwenye mishahara kwa sababu jimbo limepunguza mgao wa chuo. Na kasema idara imezuia kuchukua wanafunzi wapya mpaka ijulikane ovahedi, yaani sehemu ya hela ya mradi ambayo chuo hukata kwa gharama za uendeshaji, itakuwa asilimia ngapi. Sasa nimechanganyikiwa zaidi, naona wote mmepatia.

#37 Mwana_Ugani
Ovahedi ndiyo hatujaigusa kabisa. Kwenye miradi ya NIFA sheria imeweka ukomo wa asilimia 30 ya fedha yote ya mradi, na 2025 kulikuwa na mvutano wa kuishusha kwa vyuo. Chuo kikikosa hela ya umeme wa maabara na karani wa kusimamia mradi, profesa hata akishinda andiko ataambiwa asubiri.

#38 Fikra_Huru
Ndiyo hapo sasa. Na visa je? Hata hela ikipatikana.

#39 Mzee_wa_Mazimbu
Msakila, mwambie aombe kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja, barua ya kukubaliwa asiirudishe. Wakati huo akae TARI hata kwa kujitolea, kituo cha Hombolo wanafanya mtama. AFRI ikijibu atakuwa na data za shambani mkononi.

#40 Kibogoji
Na Wageningen aombe vilevile.

#41 Mama_Nashville
Na aangalie vyuo vya 1890 pia, msimfiche. Vingine vina masta na PhD nzuri za kilimo na maprofesa wetu Waafrika wamo. Aniandikie kwa faragha nimwelekeze wa kuongea nao.

#42 Msakila_Jr
Namwambia leo jioni akitoka shamba. Mama nakuja faragha.

#43 Njoro_Kwetu
Na mimi pia mama, nina sista yangu anatafuta, yeye ni wa udongo.